Kiungo Kabla ya Rangi

Nahodha alikuja karakanani mapema, sijafungua hata mlango wa pili, na mkononi kashika mfuko wenye kitu kizito. Akakitoa na kukiweka juu ya meza yangu ya kazi. Kilikuwa ni mti wa nanga. Niliutambua mara moja kwa sababu niliutengeneza mimi, miezi mitatu nyuma: nondo ya milimita 25 kwa mti, nondo za milimita 16 kwa makombe, yaani zile kucha zinazoshika chini, na pete juu ya kufungia amari, kamba ya nanga. Makombe yalikuwa manne. Sasa lilibaki moja.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulikuwa tumelala."

Hakupandisha sauti. Walitia nanga usiku karibu na kisiwa cha Misali, watu wanne ndani ya dau, kusi linavuma. Alipoamka aliona taa za nchi kavu haziko pale alipoziacha. Nanga ilikuwa inaburura chini, haina cha kushikia. Mwenyezi Mungu aliwajaalia wakawahi kutweka tanga kabla chombo hakijafika mwambani.

Nilitaka kumrejeshea pesa zake, akakataa. Alichotaka ni nanga nyengine, na kabla ya hiyo nanga alitaka aambiwe ile ya mwanzo imevunjika kwa nini. Jibu sikuwa nalo. Nilikuwa na miaka sita katika kazi ya vyuma, na sikuwa na la kumwambia mtu aliyeniamini kwa roho yake na roho za wanawe wawili.

Na kuna jambo lililonichoma zaidi. Nanga ile niliipiga picha siku niliyoimaliza. Nimeipaka rangi nyeusi, nimeiegemeza ukutani, jua la asubuhi linaipiga vizuri. Niliituma kwa mafundi wenzangu, na kila mmoja akajibu mashaallah, kazi safi. Nikaamini.

Kazi hii nilifunzwa na ami yangu hapa Chake Chake, nilipomaliza skuli mwaka 2009. Wakati ule Pemba ilikuwa ikitumia umeme wa majenereta, na mashine yetu ilikuwa ile ya zamani ya waya wa shaba, ya kunyanyuliwa na watu wawili. Mchana umeme ulikuwa dhaifu. Ukigusisha rodi ya kuchomea inanata kwenye chuma na kuiva nyekundu yote, usikivu wote wa mkono unapotea. Kazi kubwa tulikuwa tukiziacha mpaka usiku, watu washazima taa zao. Mwaka 2010 ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, mambo yakabadilika. Watu walitaka mageti, grili za madirisha, ngazi za nje, vibanda vya biashara. Karakana zikaota kila penye njia panda.

Ami alikuwa na mkono mzuri na mpaka leo namuombea dua. Lakini haraka ile ya kugombania kazi ilituzoesha jambo ambalo nikilikumbuka sasa moyo unanigonga. Mshono wa kuchomea ukitoka mbaya, unaupiga grinda mpaka unalingana na chuma. Pakibaki kishimo, unaziba kwa puti ya magari. Juu yake rangi. Mteja anapitisha kiganja, anaona laini, anafurahi na kulipa. Wala hatukuwa na nia ya kumdhulumu mtu, ndivyo tulivyoona kazi inavyofanywa kila mahali. Hakuna aliyetwambia kwamba ile grinda inakula nyama ya mshono, na nyama hiyo ndiyo inayoshika.

Basi nikaufunga ule mti wa nanga kwenye gazeti, nikapanda gari kwenda Wete. Kuna mzee kule aliyewahi kufanya kazi za meli Unguja kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Sisi sote tunamwita Maalim, ijapokuwa hakuwahi kusomesha darasani. Aliukunjua mti akautia kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza taratibu, akapitisha ukucha pale kombe lilipokatikia.

"Uliupoza kwa maji?"

Nikamwambia ndiyo. Karakanani tuna ndoo karibu na meza. Ukimaliza kuchomea unachovya, chuma kinapiga kelele, unakamata kwa mkono na kuendelea na kazi nyengine.

"Hiyo ndoo iondoe leo."

Akaniita niangalie kwa karibu. Mahali palipovunjika palikuwa paking'aa punje punje, kama chumvi ya mawe. Akanieleza kuwa chuma laini kinapokatika hujivuta kwanza, kikanyooka na kuwa kama uzi uliopasuka. Kinachokatika na kung'aa vile hakikujivuta hata kidogo, kimepasuka kama kigae. Nondo nyingi zina kaboni zaidi ya chuma cha kawaida cha mageti, ndiyo maana zina nguvu ndani ya zege. Ukiichoma ikawa nyekundu halafu ukaichovya, pale pembeni ya mshono inakuwa ngumu kama tupa, na tupa ukiiangusha sakafuni inakatika vipande. Jiwe la baharini lilipolikamata kombe na chombo kikavuta, hapakuwa na kupinda. Palikuwa na kukatika tu.

Halafu akanionesha la pili. Chini kabisa ya kiungo palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, umezunguka nusu ya nondo. Ilikuwa ni kutu ya zamani. Sikuisafisha nondo kabla ya kuchomea, na moto wangu haukufika chini kuiyeyusha. Nusu nzima ya kiungo haikuwahi kushikana. Nilikuwa nimemuuzia nahodha nanga yenye makombe yaliyoshika upande mmoja.

Maalim akaufunga tena ule mti kwenye gazeti lake. "Nani aliiona hii kabla hujaipaka rangi?"

Nikasema hakuna.

"Basi hao wenzako uliwaonesha rangi."

Niliporudi Chake nilianza kwa mafundi wawili tu, mmoja wa jirani yangu na mwengine wa njia ya Gombani. Niliwaonesha ule mti na kuwaeleza yote, pamoja na ile ndoo. Nilidhani watanicheka. Jirani yangu alikaa kimya, halafu akaingia ndani kwake akatoka na bawaba ya geti iliyong'oka na kurudishwa na mteja wiki ile ile. Alikuwa ameificha chini ya meza.

Tukakubaliana kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri tukutane kwenye baraza ya karakana yangu, na kila mmoja aje na kipande cha kazi yake. Sharti letu lilikuwa moja: kisipigwe grinda na kisipakwe rangi. Na kama ni kazi kubwa isiyobebeka, basi ipigwe picha kabla ya rangi, mbele na nyuma, na viungo vionekane kwa karibu. Nyuma ya kiungo ndiko mambo yaliko. Mbele kila mtu anaweza kupapendezesha.

Jaribio letu ni la kimaskini na linatosha. Unachukua vipande viwili vya fletiba, chuma bapa, unasimamisha kimoja juu ya chengine, unachomea upande mmoja tu. Unakitia kwenye jiriwa na kukipiga nyundo kutoka upande usiochomewa mpaka kilale. Mshono mzuri unapinda pamoja na chuma, na hata ukipasuka unaona umeng'oka na nyama za pande zote mbili. Mshono mbaya unabanduka. Alkhamisi ya mwanzo kipande changu kilibanduka kwa pigo la pili, kizima, kama ukoko unavyotoka kwenye sufuria. Chini yake fletiba ilikuwa safi, na alama za tupa bado zinaonekana. Nilikuwa nimeweka chuma juu ya chuma, havijawahi kuingiliana. Nilikiangalia kipande kile nikafikiria madirisha ya watu niliowawekea grili, na usiku ule usingizi haukuja.

Mwezi wa pili alikuja fundi kutoka Mkoani, mtu mtulivu, akakishika kipande changu kipya. Kilikuwa kimeimarika lakini mshono bado umesimama juu, mwembamba na mviringo kama kamba iliyolazwa. Akaniuliza, "Yakhe, waya wako wa kuvutia umeme una urefu gani?" Nilimwonesha: mita 30 za waya mwembamba wa taa, nusu yake umezungushwa kwenye gurudumu. Akaniambia waya ule unakunywa umeme njiani kabla haujafika mashineni, ndiyo maana nikiweka amperi 90 chuma kinapata moto pungufu. Nikanunua waya mnene wa mita 10 na nikaihamisha meza ya kazi iwe karibu na soketi. Wiki ile ile mshono ulilala. Miaka sita nilikuwa nikiilaumu mashine, rodi na hali ya hewa, na ugonjwa ulikuwa umezungushwa pale ukutani kila siku naupita. Asingekiona kipande kikiwa uchi, asingeuliza.

Ndivyo tulivyojifunza mambo yetu, moja moja, kila mtu akileta alichokuwa nacho. Rodi, kwa mfano. Sote tulikuwa tukinunua rodi zilizoandikwa 6013 bila ya kujua namba inasema nini. Maalim, siku alipokuja Chake kumuuguza nduguye, ndiye aliyetufasiria: 60 ni nguvu ya mshono, paundi elfu 60 kwa inchi moja ya mraba kabla ya kukatika, 1 inamaanisha unaweza kuchomea umesimama, umelala au juu ya kichwa, na namba ya mwisho inaeleza unga uliopakwa nje ya rodi na aina ya umeme unaokubali. Ile 7018 ina nguvu zaidi na ndiyo ya kazi nzito na chuma kigumu, lakini unga wake hautaki unyevu hata kidogo. Unyevu ukiingia, moto unatoa haidrojeni ndani yake, nayo inajificha kwenye chuma na kukipasua baadaye, wakati wewe umeshalala. Sisi hapa kisiwani hata chumvi haikauki kibwetani, itakuwa rodi? Ya 7018 tunaifungua siku ya kazi na kuimaliza siku hiyo hiyo. Za 6013 tunaziweka kwenye sanduku la mbao lenye balbu ndani inayowaka, na hilo linatosha, kwa sababu zenyewe hazitaki kukaushwa kupita kiasi.

Kuhusu geti nitasema kidogo, maana kila fundi kijana linamtesa. Chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinajivuta kuliko kilivyokuwa, na kinavuta na wenzake. Nilitengeneza geti la milango miwili kwa nyumba moja ya Machomane, nikaanza kona moja nikaichomea mpaka mwisho, nikaja ya pili, ya tatu, ya nne. Nililiona linapinda mbele ya macho yangu na nikaendelea, nikidhani nitalinyoosha. Halikunyooka. Dawa nimeipata kwa mwenzangu wa Gombani, na yeye kaifananisha na kazi ya mama yake, ambaye ni mshoni: kwanza unashikiza. Kinukta kila kona, kisha pima pembe kwa pembe, ulalo wa kwanza na wa pili, vilingane sawasawa. Ndipo unachomea kidogo hapa, unakwenda kona ya ng'ambo unachomea kidogo, unarudi. Hukai mahali pamoja. Na geti zima linakuwa limefungwa kwa klempu kwenye meza iliyonyooka, usilifungue mpaka lipoe lenyewe.

Sasa nieleze jambo ambalo karibu lingenitoa kwenye baraza yetu.

Msimu mmoja wa karafuu, mvua ilitusumbua sana. Wanaojua watanielewa. Karafuu inataka jua siku nne, tano, juu ya jamvi, na mvua ikiipiga kabla haijakauka inapauka, inageuka mpeta, na bei yake inaanguka. Nyumbani kwetu kila wingu likitanda ilikuwa ni mbio, wakubwa kwa wadogo, kukusanya majamvi. Mama yangu mwaka ule alikuwa na goti baya. Nikakaa nikafikiria, nikatengeneza kitu kama kitanda kirefu cha skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, upana wa jamvi moja, chini kina magurudumu manne yanayopita kwenye reli mbili za engo, chuma kilichokunjwa pembe, zilizolazwa kutoka uwanjani mpaka chini ya upenu wa nyumba. Jamvi linatandikwa juu ya wavu wa waya, karafuu haigusi chuma. Mvua ikija, mtu mmoja anakisukuma kama droo ya kabati. Mama alikisukuma kwa mkono mmoja mara ya kwanza, akasimama pale chini ya upenu akicheka peke yake. Sina kazi niliyowahi kuipenda kama ile.

Niliipeleka kwenye baraza kwa picha, kabla ya rangi, pamoja na vipimo vyote. Baada ya wiki tatu nikapita kijiji kimoja upande wa Konde, nikakiona kitanda changu uwanjani kwa mtu. Si changu. Kimetengenezwa na mmoja wetu, aliyekaa kwenye baraza yangu, akanywa kahawa yangu. Hakuniambia. Na alikwishauza vitatu.

Niliumia, na siwezi kusema sikuumia. Alkhamisi mbili sikufungua baraza. Nilisema kazi ni nyingi. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, bila ya kunilaumu, kama wale waliopata vitanda vile karafuu zao zimesalimika. Sikumjibu siku ile. Nikenda kwa yule mwenzangu, nikamwambia wazi kuwa nimevunjika moyo kwa kuwa hakunipa habari. Aliomba radhi, na akanichukua mpaka kwa mteja wake mmoja akanionesha alichobadilisha. Mimi niliweka magurudumu ya bomba lililokatwa. Yanashika kutu na kukwama. Yeye alitumia beringi kuukuu za pikipiki, akazifunika kwa kikombe cha bati chini ili mvua isiziingie. Kitanda kilikuwa kikienda kwa kidole. Na reli zangu za engo nilizilaza mgongo chini, zikawa zinakusanya maji na mchanga. Yeye alizigeuza, ukingo juu, na gurudumu akalitia mfereji. Nilirudi nyumbani nikabadilisha cha mama siku ya pili.

Tulikubaliana baadaye kwamba anayechukua mchoro wa mwenzake anamwambia, na akiuongeza kitu anaurudisha kwenye baraza na nyongeza yake. Si sheria iliyoandikwa. Kuna waliokataa na wakaacha kuja, na sina ugomvi nao. Mtu mwenye watoto sita na karakana moja akiogopa kutoa siri yake, mimi namfahamu. Lakini sijaona hata mmoja kati ya waliobaki ambaye kazi imempungua. Nimeona wateja wakitoka Micheweni mpaka hapa kwa sababu wamesikia mafundi wa Chake wanachomea vitanda vya karafuu visivyokwama.

Unguja nilikwenda mara moja kwa kazi, mwaka 2018, hoteli ya ufukweni kaskazini. Walitaka vishikio vya ngazi vya chuma cha pua. Nilikuwa nikijua kukichomea, rodi zake nilizipata, mshono ulitoka mzuri. Baada ya miezi miwili nikaletewa picha: madoa ya kahawia kila penye kiungo, chuma kisichoshika kutu kimeshika kutu. Nikazipeleka picha zile Alkhamisi kama zilivyo. Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yalionekana na watu ambao hawajawahi kufika hoteli ile. La kwanza, nilitumia diski na brashi zile zile ninazotumia kwa chuma cha kawaida, na vumbi la chuma lililobaki kwenye brashi lilijipachika juu ya chuma cha pua likaanza kuoza pale pale. La pili, nilinunua aina ya 304, inayofaa jikoni na ndani ya nyumba. Mahali pa kupigwa na upepo wa bahari panataka 316, iliyotiwa molibdenamu, maana chumvi inaishambulia kidogo. Sehemu ya brashi nilikwenda kuisafisha kwa gharama yangu. Ya aina ya chuma niliwaeleza ukweli wakachagua wenyewe. Tangu hapo nina brashi mbili zimefungwa utambaa wa kijani na hakuna ruhusa ya kuzigusishia kitu chengine.

Afya tulichelewa kuizungumza, na hilo ndilo ninalolijutia. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki sote tulikuwa tukiyachomea hivyo hivyo. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, na chuma hakiyeyuki mpaka kipite 1,400, kwa hivyo kabla chuma hakijawa tayari zinki yote ishakuwa moshi mweupe unaingia puani. Jioni unashikwa na baridi, homa, viungo vinauma, kinywa kina ladha ya sarafu, na asubuhi ya pili umepona, unadhani ilikuwa malaria imepita. Tulikuwa tukinywa maziwa kujikinga. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Siku hizi tunaikwangua zinki kwa grinda kila upande wa kiungo, upana wa vidole vitatu, tukiwa na barakoa nzuri, tunachomea nje, na upepo tunaupa bega ili uchukue moshi pembeni. Na kioo cheusi namba 10 kwa kila mtu, hata kijana anayeshika tu bomba lisisogee. Nilikwisha kuwa kijana huyo. Mwanga ukikuchoma, saa sita za usiku unaamka macho kama yametiwa mchanga, na viazi vilivyokatwa vinapoza lakini haviponyi.

Kitu kilichotunyanyua kuliko vyote kililetwa na mdogo wetu. Ni binti aliyemaliza mafunzo ya amali Vitongoji, akaja kuomba kazi kwangu. Wapo waliosema kazi hii si ya mwanamke. Alkhamisi yake ya mwanzo kipande chake kilipinda mpaka kikalala na hakikupasuka, na maneno yakaisha. Alikuwa na daftari. Kila kazi anaandika: unene wa chuma, aina ya rodi na upana wake, amperi, amekaa au amesimama, matokeo. Rodi ya milimita 2.5 kwenye skwea paipu ya 1.5, amperi 65, imetoboka mara mbili. 55, haikutoboka, imepenya. Sisi tulikuwa tukiyaweka haya kichwani, na kichwani yanabadilika kila ukihadithia. Sasa kuna daftari kubwa la karakana, na wakati mwengine nikikwama nafungua kurasa za mwaka juzi na kukuta kosa langu lilivyo, kwa hati yangu mwenyewe.

Narudi kwa nahodha. Nanga yake ya pili nilichukua wiki nzima kuitengeneza. Nondo nilizisafisha kwa grinda mpaka zikang'aa weupe, ncha za makombe nikazichonga mshazari ili moto ufike chini kabisa. Paketi mpya ya 7018, imefunguliwa asubuhi ile. Kabla ya kuchomea nilizipasha moto kwa makaa ya vifuu mpaka tone la maji likaruka juu yake. Nilichomea kwa mizunguko, nikigonga gamba na kupiga brashi kila mzunguko, na nilipomaliza nikaizika nzima kwenye majivu makavu, ikalala humo mpaka asubuhi. Kabla ya rangi wenzangu wote waliiona, na Maalim akapelekewa picha Wete. Akajibu kwa neno moja, "Haya."

Nilimkabidhi nahodha haina rangi. Nikamwonesha kila kiungo kwa kidole na kumweleza ile ya mwanzo ilivunjika kwa nini, kama alivyoniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaipaka rangi mwenyewe.

Mwaka jana, Alkhamisi, watu wamejaa barazani, nikamuona anakuja na mwanawe wameibeba nanga kwenye mti. Moyo ulinipiga. Wakaiweka chini. Kombe moja lilikuwa limepinda, limenyooka kabisa kama mkono uliofunguliwa, na la pili yake limeanza. Lilikamata jiwe, akasema, na kusi lilikuwa kali, chombo kikavuta usiku kucha. Wao walilala.

Binti aliipangusa kwa brashi ya waya, tukainama sote kutazama. Rangi ilikuwa imebanduka pale kwenye mpindo, kiungo kipo. Tukawasha makaa, tukalipasha kombe mpaka likaiva nyekundu, tukalirudisha taratibu kwa nyundo, na la pili pia. Nahodha akayahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akauliza anaweza kuondoka nayo.

Nikamwambia aje kesho baada ya Ijumaa. Usiku ule inalala kwenye majivu.